Mwaka Nilioitikia Kila Kitu

Juzi sokoni, hapa Arusha ninakoishi sasa, mama mmoja alifungua gunia la vitunguu saumu akavimwaga juu ya turubai. Harufu ilinifika kabla sijaona kitu. Haikuwa ile ya jikoni. Ilikuwa ya vitunguu vilivyokaushwa na majani yake, yenye vumbi kwanza na ukali baadaye. Nikasimama. Watu walinipita huku na huku, na nadhani wapo walioniambia nisogee, lakini mimi nilikuwa nimeshafika kijijini kwetu Bashay, ndani ya nyumba ya baba yangu. Nilikuwa natazama juu kwenye kenchi za paa, mahali Mama alipokuwa akining'iniza mafungu ya vitunguu kila msimu, mpaka sare zetu za shule, mashuka na hata Biblia ya Baba vikawa na harufu moja.

Nilipoteza usikivu nikiwa na miaka saba, kwa homa ya uti wa mgongo. Nakumbuka nililala nikisikia kuku wanagombana nje. Nilipoamka, baada ya siku ambazo sikuzihesabu, Mama alikuwa ameinama juu yangu anachezesha midomo. Nilidhani ananitania. Nikasubiri achoke na mchezo wake aseme kwa sauti, na yeye akaendelea, machozi yakimtoka, na mimi nikaanza kukasirika kwa sababu mchezo ulikuwa mrefu mno.

Ulikuwa mrefu wa miaka miwili. Katika miaka hiyo nilijifunza kutazama. Nilijua mgeni amefika kwa jinsi mbwa alivyoinua kichwa, na nilijua Baba amekasirika kwa jinsi alivyoliweka jembe. Mdogo wangu Magi alikuwa mchanga bado, akajifunza kutembea na kusema wakati mimi sisikii hata neno lake moja.

Halafu, kwa msaada wa kanisa, ndugu na madaktari, Baba alinipeleka India. Yeye ambaye alikuwa hajawahi kufika Dodoma alipanda ndege, amenishika mkono kana kwamba mimi ndiye ninayemwongoza. Walinifungua nyuma ya sikio la kulia, wakaweka nyuzi ndani kabisa, na baadaye wakanipa mashine ndogo ya kuvaa juu ya sikio, yenye waya mfupi na kidude cha duara kinachonata kichwani kwa sumaku. Siku walipoiwasha, sauti ya kwanza ilikuwa kama mtu anapigilia misumari kwenye bati, mbali sana. Baba akaita jina langu. Nilisikia bata aliyekabwa koo. Nikacheka, na yeye akalia.

Kabla hatujaondoka, mkalimani alitutafsiria masharti. Nilikuwa namtazama mdomo kwa makini. "Isiingie maji," alisema. "Ikiingia maji itakufa."

Itakufa. Neno hilo lilinikaa. Kumbe kitu hiki ni kizima, nikajiambia, na kinaweza kufa mikononi mwangu.

Tuliporudi nyumbani sikupelekwa shule mara moja. Mama alinikalisha jikoni asubuhi Magi akiwa bado amelala, uso kwa uso, akanitajia vitu. Kijiko. Sufuria. Chumvi. Mwanzoni vyote vilikuwa ni misumari na bata. Kisha, siku moja, chumvi ikawa chumvi. Sikujua ilivyotokea. Polepole sauti ya Mama ilirudi, si ile niliyoikumbuka, ila nilijua ni yake. Mle jikoni, tukiwa wawili, nilikuwa nasikia karibu kila kitu. Majirani walikuja mmoja mmoja kunijaribu. "Hujambo?" wananiuliza. "Sijambo, shikamoo," najibu, na wao wanapiga makofi. Habari ikaenea Bashay nzima kwamba yule mtoto wa vitunguu sasa anasikia.

Wiki moja kabla shule haijafunguliwa, niliinama kusuuza vikombe na mashine ikachomoka, ikazama kwenye beseni.

Hata leo nikiliona beseni la bluu moyo unaruka. Niliitoa haraka, nikaifuta kwa sketi yangu, nikaikung'uta, nikaiweka kwenye lile kopo la kukaushia tulilopewa hospitali. Mama alikuwa shambani. Kesho yake nikaivaa. Magi akasema, "Dada, uji," nami nikasikia uji. Nikamshukuru Mungu, na nikaamua kwamba hakuna mtu atakayejua.

Shule ikafunguliwa. Tulikuwa tunakaa wanne kwenye dawati moja, darasa limejaa mpaka mlangoni, na madirisha hayana vioo. Mwalimu alifungua mdomo, na mimi sikupata hata neno. Kila sauti ilikuwepo, tena kubwa, lakini zote zilikuwa zimekorogwa pamoja: madawati, kikohozi, watoto wa darasa la jirani wanaoimba, mwalimu mwenyewe. Sikuweza kumtoa yeye nikawaacha wengine. Niliigusa mashine. Ilikuwa inawaka. Basi nikaelewa, kwa akili yangu ya miaka tisa, kilichotokea. Mashine haikufa yote. Ilikuwa imekufa nusu. Ile nusu ya kumsikia mtu mmoja ilipona, na ile nusu ya kusikia watu wengi ndiyo iliyokufa kwenye beseni.

Kila siku ilinithibitishia. Nyumbani, kimya, nasikia. Kanisani watu wakiimba na kuongea mlangoni, sisikii. Sikuwahi kujiuliza kama ningesikia kabla ya beseni, kwa sababu kabla ya beseni sikuwahi kutoka jikoni kwa Mama.

Ndipo nikaanza kuitikia. Mwalimu akiniangalia na kuinua nyusi mwishoni, nasema, "Ndiyo, mwalimu." Wenzangu wakicheka, nacheka. Mtu akikunja uso, natikisa kichwa kwa huzuni. Nilikuwa hodari. Mara nyingi ilifaulu, na isipofaulu niliitwa mtukutu, jambo nililolipendelea kuliko kuitwa muuaji wa mashine. Kuna siku mwalimu aliniambia nilete daftari na mimi nikajibu "Ndiyo" nikabaki nimekaa. Alikuja mpaka karibu, nikamsikia vizuri sana.

"Wewe si umewekewa mashine? Sasa nini tena?"

"Ndiyo, mwalimu," nikasema, na darasa likaangua kicheko.

Siku ya mnada wa Katesh ilikuja wakati vitunguu vimekauka vizuri. Baba alikuwa ametangulia na ng'ombe wawili wa kuuza. Mama alikodi nafasi kwenye gari la mizigo, tukapanda yeye, mimi, Magi na magunia. Magi alikuwa na miaka minne wakati huo, amevaa sweta ya njano iliyokuwa yangu. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Nilipenda safari ile, kwa sababu kwenye gari hakuna aliyenitegemea kuongea.

Mnadani Mama alipanga vitunguu kwenye turubai, karibu na nguzo iliyofungwa kipaza sauti. Ng'ombe walikuwa wanalia, wauza nguo wanaita wateja, muziki unatoka vibandani kwenye nyama choma. Kwangu ilikuwa ni kama kumwagiwa kokoto masikioni bila kikomo. Baada ya muda Mama aliinuka, akajifunga kitenge upya, akaniambia kitu huku akigeuka kutazama upande wa ng'ombe aliko Baba. Nilipata "Magi", halafu nikapata "na mimi". Katikati kulikuwa na kitu kama "enda".

Magi anaenda na mimi. Hivyo ndivyo nilivyoielewa.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Akaondoka. Nikageuka kuhudumia mteja aliyekuwa amechuchumaa anachagua vitunguu. Nilipomaliza, Mama hayupo na Magi hayupo, na moyo wangu ulikuwa umetulia kabisa.

Mama aliporudi alikuwa peke yake. Alitazama turubai, akanitazama mimi, akatazama nyuma yangu. Sikuhitaji mashine kusoma uso ule.

"Magi yuko wapi?"

"Si umeenda naye?"

"Nimekuambia haendi na mimi! Nimekuambia umshike mkono, kule kuna ng'ombe!"

Alikuwa amesogea karibu yangu mno, nikasikia kila neno. Halafu akakimbia. Alikwenda upande wa barabara kuu ya Singida, kwenye magari, kwa sababu mama yeyote hufikiria magari kwanza. Mimi nikabaki na vitunguu, na kile kipaza sauti juu ya kichwa changu kikinguruma.

Nilikimbia nikaita jina lake. Kisha nikatambua upuuzi wa ninachofanya. Hata akiitika nitamsikiaje? Anaweza kuwa analia hatua tano kutoka hapa. Nikarudi, nikapanda juu ya magunia, na hapo nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nilinyanyua mkono nikakiondoa kile kidude cha sumaku kichwani.

Mnada ukanyamaza. Ng'ombe walifungua vinywa bila sauti, wauzaji wakachezesha midomo, na mimi nikawa tena yule mtoto wa miaka miwili ya kutazama. Nilivuta pumzi. Nikaanza upande mmoja, nikatazama polepole, safu kwa safu, si nyuso, kwa sababu Magi ni mfupi, bali chini, usawa wa viuno vya watu. Mbuzi. Miguu. Galoni za mafuta. Miguu. Viatu vya mitumba. Kisha, mbali kidogo, palipokuwa na mabeseni na ndoo za plastiki zilizopangwa kama ukuta, nikaona mguu mdogo mmoja wenye kiatu na mwingine usio na kiatu, ikining'inia kutoka kwenye stuli. Juu yake palikuwa na kipande cha njano.

Sijui niliruka vipi. Nilifika nikamkuta Magi anakula andazi, mashavu yana vumbi na michirizi ya machozi yaliyokwisha kukauka. Mwanamke mwenye ushungi wa kijani alikuwa amemshika bega. Nikakirudisha kidude kichwani, kelele zikanirudia zote kwa pamoja.

"Ndiye dada yako huyu?" aliuliza yule mwanamke. Alikuwa ameinama, uso wake karibu na wangu, nikampata.

"Ndiye. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona mmechelewa hivyo? Tumetangaza mara tatu! Mtoto wa sweta ya njano yuko kwa Mama Zuhura wa mabeseni. Hamkusikia?" Akanyoosha kidole.

Alikuwa anaonyesha kile kipaza sauti juu ya turubai letu. Walikuwa wameitangaza sweta ya mdogo wangu juu ya kichwa changu mara tatu.

Mama alitukuta tumekaa kwenye magunia, Magi nimembana katikati ya magoti. Baba alikuja nyuma yake, fimbo mkononi, anahema. Mama alimnyakua Magi, akamnusa kichwani, akamkagua mikono na miguu. Kisha akanigeukia.

"Kama hukusikia, kwa nini ulisema ndiyo?"

Hapo nikavunjika. Nilisema yote kwa mara moja, nikilia, sijui kama kwa sauti kubwa au ndogo. Kwamba ilianguka kwenye beseni. Kwamba nimeiua nusu. Kwamba darasani sisikii, kanisani sisikii, kwamba Baba alipanda ndege bure.

Baba aliweka fimbo chini. Alichuchumaa mbele yangu, mwanaume mrefu namna ile, katikati ya mnada.

"Tangu lini?"

"Kabla ya shule kufunguliwa."

Alihesabu kwa midomo, nikamwona. Vuli, Krismasi, masika.

"Na umebeba hilo peke yako muda wote huu?"

Mama alikuwa amekaa chini kwenye vumbi na Magi mapajani, ananitazama kwa namna ambayo sikuitegemea, kama mtu aliyempata mtoto wa pili aliyekuwa amepotea pia.

Wiki mbili baadaye mimi na Baba tulikuwa Dar es Salaam, kwenye chumba kidogo chenye kuta laini, mbele ya mtaalamu wa usikivu. Alikuwa dada kijana mwenye miwani, akataka tumwite Dada Upendo. Aliichomeka mashine kwenye kompyuta yake. Mimi nilitazama sakafu kama anayesubiri hukumu. Alibonyeza, akasoma, akabonyeza tena.

"Ni nzima," akasema.

Baba akauliza, "Nzima kiasi gani?"

"Nzima yote, baba. Haina ubovu wowote. Hayo maji hayakufika ndani."

Nilimwomba arudie. Alirudia, akielekeza midomo kwangu: haina ubovu wowote. Nilihisi kitu kinashuka kutoka mabegani mpaka vidoleni, kama vile siku nyingi nilikuwa nimevaa koti lililolowa na sasa nimelivua. Lakini hapo hapo nikaogopa upya. Kama ni nzima, mbona sisikii?

Akanipima. Kwanza kwenye ukimya alisema sentensi fupi nami nikazirudia. Mama anapika uji. Mbuzi amekula mahindi. Zote nilizipata. Kisha akafungulia spika ya pembeni, ikatoa kelele za watu wengi, akasema sentensi nyingine.

"Ndiyo," nikasema.

Dada Upendo akazima spika. "Sikukuuliza swali. Nimesema nini?"

Nikaitazama spika. Akatabasamu. "Humu ndani neno ndiyo ni marufuku. Kama hujui, sema hujui."

Tukaendelea, na karibu zote sikuzijua, na nilisema sijui, sijui, sijui, na kila mara aliandika bila kukasirika. Mwisho akatuelezea. Sikio la kuzaliwa nalo lina njia nyingi sana za kupitishia sauti, alisema, na ndizo zinazomsaidia mtu kumchagua mmoja kati ya wengi. Mashine ina njia chache. Mtu mmoja akisema, zinatosha. Watu mia wakisema, wote wanabanana kwenye mlango ule ule. "Kila mwenye mashine kama hii anahangaika kwenye kelele," alisema, "wakubwa kwa wadogo. Hujaharibu kitu. Ungeivaa siku ile ile ilipotoka kiwandani ukaenda mnadani, ingekuwa vivyo hivyo."

Baba alikohoa. "Sisi tulidhani ukishawekewa, umepona."

"Ndivyo wengi wanavyodhani, baba. Ndiyo maana watoto wanaficha."

Alibadilisha kidogo mipangilio ya mashine, akaniongezea mmoja wa mahali penye kelele, akanionya kwamba utasaidia lakini hautamaliza. Kisha akanifundisha. Kelele iwe mgongoni, anayesema awe mbele, upande wa kulia. Na nisiseme tu "nini?", bali niseme kile nilichokipata na niulize kilichobaki. "Kwa mfano, siku ile ungemwambia mama nini?"

Nikafikiri. "Mama, nimesikia Magi. Sijasikia kama anaenda au haendi."

Baba aligeuza uso, akajifanya anasoma karatasi iliyobandikwa ukutani.

Katika safari zetu zote Baba alikuwa akikaa dirishani, kwa sababu alipenda kutazama mashamba ya watu na kuyalinganisha na yake. Mimi nilikuwa nakaa kulia kwake, na sikio langu lenye mashine likielekea kwa abiria wengine. Asubuhi tulipopanda basi la kurudi, alisimama kwenye njia, akanionyesha dirisha la kushoto. Nikaingia. Akakaa kulia kwangu. Tulipopita Babati aliinama karibu na sikio langu, akaniambia kwa sauti ya kawaida kwamba mahindi ya huku yamepata mvua kuliko ya kwetu, na nikamsikia juu ya ngurumo ya basi lote.

Mambo hayakubadilika kwa siku moja. Mwalimu, baada ya Baba kwenda kumwona, alinihamishia dawati la mbele pembeni ya ukuta, akaacha kuongea huku ameligeuzia darasa mgongo, akisahau na kukumbuka. Mama alikoma kuniita kutoka chumba kingine. Mimi ndiye niliyekuwa mgumu kubadilika. Kusema "sijasikia" mbele ya watu kulinishinda. Mdomo ulikuwa umezoea kuitikia.

Kisha Mama akanituma kwenye mashine ya kusaga, peke yangu, na debe la mahindi. Sijui kama alikusudia. Kibanda kile kilikuwa cha mabati, injini ya dizeli iko ndani, na ukiingia kifua chenyewe kinatetemeka. Wanawake walikuwa wamepanga foleni, weupe kwa unga mpaka kwenye kope, wanaongea na kuchekeana kana kwamba wako sebuleni. Niliwatazama kwa wivu. Hao ndio wenye masikio, nikajisemea.

Bibi mmoja jirani yetu, Bibi Basilisa, alinigeukia akaanza kuniambia maneno marefu, mikono ikieleza. Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kuinama kuitikia. Nikakizuia. Nikaweka injini mgongoni, nikamsogelea.

"Shikamoo bibi. Nimesikia debe. Mengine sijasikia."

Akaniinamia. "Eee?"

Nikarudia. Akatikisa kichwa, akanishika mkono, akanivuta nje mpaka chini ya ukingo wa bati, ambako kelele ilipungua.

"Unasemaje, mwanangu?"

"Nasema sijasikia ulichoniambia, bibi."

"Hata mimi sikusikia ulichosema. Humo ndani nani anasikia? Mimi huwa naitikia tu."

Nilimtazama. "Na wale wengine?"

"Wale? Wale wanacheka tu kwa sababu mwenzao amecheka."

Nilichungulia ndani. Wanawake walikuwa bado wanaongea, vichwa vinakubali, meno meupe, unga unaruka. Nikaanza kucheka, nikashindwa kuacha.

"Sasa bibi, ulikuwa unaniambia nini?"

"Nilikuwa nakujibu swali lako."

"Swali gani? Mimi sikuuliza kitu."

Bibi Basilisa alinitazama kwa muda, kope zake nyeupe zikipepesa, kisha naye akaanza kucheka, akajishika kiuno, akaegemea bati lililokuwa likitetemeka, na tukabaki pale nje tukicheka sisi wawili mpaka mwenye mashine akatoka kutuita, mahindi yetu yameshafikiwa.